Barua kwa wanangu mnaopika Idd ya kwanza nyumbani kwenu

Wanangu, assalaam aleikum.

Nawaandikia nyinyi mliooana baada ya Idd iliyopita, mkapanga chumba na sebule, na mwaka huu mmetamka wenyewe: "Sikukuu njooni kwetu." Neno limeshatoka, halirudi. Sasa tuongee sufuria.

Kwanza punguzeni. Anayepika mara ya kwanza huandika pilau, biriani, kuku wa kupaka, sambusa, katlesi na keki juu yake, na jiko lenyewe ni la gesi, la plate moja. Saa nane mchana wageni wako mkekani, mchele bado una kiini, na mwenye nyumba hajaoga. Pikeni tambi za asubuhi kwa wanaopita kutoa mkono wa Idd, halafu mchana pilau ya nyama, kachumbari na juisi ya ukwaju. Basi. Biriani inataka rosti yake na wali wake, kila kimoja na sufuria yake, kwa hiyo iacheni kwa mwaka mwingine.

Ramadhani ina siku 29 au 30, na hamtajua ni ipi mpaka usiku Mufti atangaze, au Kadhi Mkuu kwa mlioko Kenya. Kwa hiyo msisubiri mwezi ndipo mwende sokoni. Mchele, viungo, mafuta, ukwaju, sukari na tambi viwe ndani wiki moja kabla. Vitunguu na viazi, siku tatu kabla. Nyama wekeni oda buchani mapema. Mwenye friji aichukue siku ya 29 asubuhi, na mwezi usipoonekana itamsubiri humo humo siku moja zaidi. Asiye na friji akubaliane na muuza bucha aifuate alfajiri ya sikukuu yenyewe. Nyanya ziwe za mwisho kununuliwa.

Kwa wageni 12, chukueni mchele kilo 2. Mtu mzima anamaliza kama gramu 125 za mchele mkavu, kwa hiyo kilo moja na nusu ingewatosha. Nusu iliyobaki ni ya mgeni aliyekuja na mgeni mwenzake, na ya sahani za majirani, ambazo hapa kwetu hazikosekani, awe Muislamu au siye. Nyama kilo 2, yenye mfupa na mafuta kidogo: ombeni mkono au kidari. Steki tupu hukauka, na mchuzi wake hauna nguvu. Vitunguu maji kilo 1, kitunguu saumu vichwa vitatu, tangawizi gramu 100, mafuta kikombe kimoja, viazi kilo 1 kwa wanaovipenda. Viungo: bizari nyembamba vijiko vitatu vya chakula, pilipili manga nzima vijiko viwili vya chai, iliki 15, mdalasini vijiti vitatu, karafuu 8. Karafuu msiongeze kwa kuipenda, ikizidi inaleta uchungu na kufa ganzi ulimini. Bizari ikaangeni kavu kidogo, nusu isageni, nusu ibaki nzima. Viungo vya pakiti vilivyokaa kabatini tangu mwaka jana vina rangi tu, harufu imeshaondoka.

Sufuria iwe ya lita 12 kwenda juu. Kilo 2 za mchele zikiiva zinakaribia lita 7, bado nyama na viazi. Sufuria ikijaa hadi mdomoni, mchele wa juu hauivi na wa chini unaungua, na kugeuza hakuwezekani. Azimeni kubwa kwa jirani, pamoja na masinia na mikeka, siku mbili kabla, na muweke alama chini ya kila chombo ili mjue cha nani.

Sasa maji, maana hapa ndipo pilau nyingi za mara ya kwanza hufia. Hakuna kipimo kimoja cha michele yote. Basmati iliyorowekwa dakika 30 ikachujwa inataka kikombe kimoja na nusu cha mchuzi kwa kila kikombe cha mchele. Mchele wa Mbeya usiorowekwa, kama ni wa zamani, unafika vikombe viwili kwa kimoja. Ukiwa mpya wa msimu huu bado una unyevu wake, unatosheka na kimoja na robo tatu au hata pungufu. Muuzaji atakwambia ni wa zamani hata kama umevunwa juzi, kwa hiyo msimtegemee yeye. Ukishanunua, wiki hiyo hiyo chukua kikombe kimoja kutoka mfuko huo huo, pika wali wa kawaida kwa maji uliyoyapima, na uandike. Ukitoka mgumu, ongeza robo kikombe. Ukitoka bwabwa, punguza. Kipimo mtakachopata ndicho cha sikukuu. Na msichanganye michele miwili kwenye sufuria moja, kwa sababu mmoja utaiva na mwingine utabaki na kiini, na hakuna dawa.

Nyama ichemsheni kwa lita 4 za maji, chumvi, na nusu ya saumu na tangawizi iliyotwangwa. Engueni povu linapopanda. Saa moja mpaka moja na nusu, mpaka uma uingie bila kusukumwa. Halafu itoeni nyama, mchuzi upimeni peke yake kwa kikombe kile kile mlichopimia mchele. Kilo 2 za mchele ni kama vikombe 10 vya mililita 250, hivyo basmati itataka mchuzi vikombe 15. Ukipungua jazieni maji yanayochemka. Ya baridi yanazima moto wa sufuria, mchele unalowa badala ya kuiva. Ukizidi, wekeni pembeni. Kumimina wote kwa kuuonea huruma ndiko kunakoleta uji.

Vitunguu ndiyo rangi ya pilau. Si bizari ya manjano, si soya sosi, si nyanya. (Najua bara wengi hutia nyanya. Mimi naona nyanya ina kazi yake kwenye kachumbari.) Vikatwe vyembamba na vilingane, maana kipande chembamba huungua wakati kinene bado cheupe. Mafuta yapate moto kwanza, tia vitunguu na chumvi kidogo ili vitoe maji yao upesi. Kilo moja inachukua dakika 20 mpaka 25, na dakika za mwanzo utaona kama hakuna kinachotokea, kwa sababu maji yanakauka kwanza. Yakikauka, sauti ya sufuria inabadilika, inakuwa ya kukaanga, na kuanzia hapo usiondoke hata kufungua mlango. Vinageuka dhahabu, kisha kahawia, na kutoka kahawia hadi kuungua ni dakika moja tu. Vikifika kahawia iliyokolea, mimina upawa mmoja wa ule mchuzi uliopimwa. Mchuzi utalia, vitunguu vitalainika na kuachia rangi yake yote. Vikiwa vyeusi, vitupe, osha sufuria, anza upya. Uchungu wa kitunguu kilichoungua haufunikwi na kiungo chochote, na kilo ya vitunguu ni rahisi kuliko sufuria nzima ya pilau.

Hapo tieni saumu na tangawizi iliyobaki, dakika mbili. Mngetia mapema, saumu ingeungua kabla ya kitunguu. Fuatisheni viungo, kisha nyama na viazi, kaangeni dakika kama tano, halafu mchuzi wote mlioupima. Ukichemka, onjeni: chumvi izidi kidogo, kwa sababu mchele utainywa. Tieni mchele uliochujwa, geuzeni mara moja, funikeni.

Moto wa wastani mpaka mchuzi uzame chini ya mchele na vitundu vionekane juu, kama dakika 10. Geuzeni kwa mwiko kutoka pembeni kuja katikati, taratibu, mara moja tu. Kila mkigeuza mnavunja punje, na punje zilizovunjika hutoa wanga unaogandisha. Halafu moto uwe mdogo kabisa. Kwenye gesi, wekeni chuma cha chapati chini ya sufuria ili moto usichome sehemu moja. Funikeni kwa foili na mfuniko unaobana, au mkipikia mkaa, punguzeni makaa ya chini na mengine muyaweke juu ya mfuniko. Dakika 25. Zimeni, iacheni ifunikwe dakika 15 nyingine kabla ya kuigusa.

Jiko la mkaa likae nje, au mlangoni penye upepo. Hewa yake yenye sumu haina harufu, inaua watu vyumbani wakiwa wamelala. Liwe tayari hata kwa mwenye gesi, maana mtungi wa kilo 6 una tabia ya kuisha katikati ya sikukuu.

Mambo yakiharibika: ikibaki na kiini juu, nyunyizieni nusu kikombe cha maji ya moto, funikeni kwa foili, dakika 10. Ikianza kunukia moshi, msigeuze wala kukwangua. Hamisheni ya juu kwenye sufuria nyingine, ukoko ubaki. Ikiwa bwabwa, itandazeni kwenye masinia mvuke utoke, itapona nusu. Chumvi ikizidi, kiazi hakitaivuta kama mnavyoambiwa. Pikeni wali mweupe kidogo usio na chumvi, mchanganye.

Kachumbari: vitunguu viosheni kwa chumvi, mvisuuze na kuvikamua. Chumvi na ndimu vitiwe mnapopakua, la sivyo nyanya zitaelea kwenye maji. Pilipili ikae pembeni kwa ajili ya watoto. Ukwaju nusu kilo kwa lita 3 za maji ya moto, saa moja, kamueni, chujeni, muongeze maji baridi mpaka lita nne. Sukari tieni kidogo, nyingine iwekwe mezani: kati ya wageni 12 hakosekani mwenye kisukari, na hatapenda kuulizwa mbele za watu. Tambi zake pia zitengwe kabla ya sukari.

Kama chakula ni saa nane, nyama iwe imeshaiva saa tano, vitunguu viingie motoni saa sita kasorobo. Vitunguu mnaweza kuvikaanga jana yake. Saa saba na robo pilau iko kwenye moto mdogo, mmoja akaoge, mwingine atandike mikeka. Nasema mmoja na mwingine kwa makusudi. Harusini pilau ya masufuria makubwa mara nyingi hupikwa na wanaume, kwa hiyo bwana harusi asije akasema mwiko haumjui.

Sinia moja kwa watu wanne au watano, nyama igawanywe sawa juu yake kabla ya kutoka jikoni. Sinia ya wazee itangulie. Maji ya kunawa na sabuni yazungushwe kabla na baada. Na msianze kukiombea radhi chakula kabla mtu hajaonja.

Iliyobaki isilale sufuriani. Ndani ya saa mbili ihamishieni kwenye vyombo vipana ipoe upesi, iingie friji. Mchele uliokaa nje kutwa huotesha vijidudu vyenye sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Asiye na friji agawe jioni ile ile, na bakuli za majirani zirudi kesho yake zikiwa na kitu ndani, hata kaimati nne.

Idd Mubarak.

Shangazi yenu