Sparkasse si benki moja, wala si ya serikali

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma kwenye simu, ndani ya basi la saa kumi na moja alfajiri linalonipeleka zamu. Katika makala yenu kuhusu mabenki ya Ulaya mliandika kwamba Sparkasse (maana yake benki ya akiba) ni "benki ya serikali ya Ujerumani yenye makao makuu Berlin na matawi nchi nzima". Nilicheka peke yangu mpaka dereva akanitazama kwenye kioo. Sentensi moja, makosa matatu.

Mimi ni muuguzi wa wazee katika mji mdogo wa jimbo la Niedersachsen, na mshahara wangu unapitia Sparkasse ya hapa tangu 2013. Sijasomea fedha. Ila benki hii nimeishi nayo, nimegombana nayo, na nimeshaingia hadi kwenye kikao cha baraza la wilaya kusikiliza inavyojadiliwa, kwa hiyo mtaniwia radhi nikiandika kwa kirefu.

Nianze na hilo la "benki moja". Ujerumani kuna Sparkasse zaidi ya 300. Kila moja ni benki kamili, ina leseni yake, mahesabu yake, wakurugenzi wake, na faida au hasara yake. Zinatumia pamoja jina, ile herufi S nyekundu yenye nukta juu, na baadhi ya vyombo vya pamoja: DekaBank inayoshughulika na mifuko ya uwekezaji, mabenki ya majimbo yaitwayo Landesbank, mashirika ya bima na ya mikopo ya nyumba. Kilichoko Berlin ni ofisi ya umoja wao, Deutscher Sparkassen- und Giroverband. Umoja huo husemea wanachama mbele ya serikali na kulinda ile nembo, lakini hauwezi kumwamuru mkurugenzi wa Sparkasse yetu abadilishe hata pazia la ofisini.

Utengano huu niliujua kwa aibu. Siku moja nilikuwa mji mwingine, nina euro 350 taslimu mfukoni, nikaona S nyekundu nikasema afadhali niziingize kabla sijazitumia. Mashine ikaimeza kadi, ikafikiri, ikairudisha. Nikajaribu tena. Dada wa dirishani akatoka, akaitazama kadi, akaniambia kwa upole, "Hii ya kwenu, mama, siyo ya kwetu." Kutoa pesa pale niliweza. Kuweka, hapana. Rangi ile ile, herufi ile ile, nami nilikuwa mgeni kabisa.

Mwaka uliofuata nikataka mkopo wa gari. Wilaya ya jirani, ng'ambo ya mto, Sparkasse yao ilikuwa na riba nafuu kidogo. Nikapiga simu. Swali la kwanza halikuwa mshahara wangu, lilikuwa anwani yangu. Nilipoitaja, mazungumzo yakaisha. Hii ndiyo wanayoiita Regionalprinzip: kila Sparkasse ina eneo lake, inatakiwa kukopesha watu na biashara za eneo hilo, na haitakiwi kuvamia shamba la jirani. Siku ile niliiona sheria ya kijinga. Sasa sina uhakika tena. Amana za watu wa hapa haziwezi kwenda kujenga maghorofa Frankfurt huku mwokaji mikate wa barabara yetu akinyimwa pesa ya tanuri jipya.

Hilo la "serikali" ndilo lililonifanya niandike. Kisheria Sparkasse nyingi ni taasisi za umma zinazojitegemea. Nyuma ya kila moja yupo anayeitwa Träger, yaani mbebaji, ambaye ni mji, wilaya, au muungano wa miji na wilaya kadhaa. Serikali kuu haimo. Na mbebaji naye si mwenye mali kama tulivyozoea kuelewa, kwa sababu hana hisa mkononi. Hakuna hisa. Hakuna mwanahisa anayesubiri gawio, hakuna bei yake kwenye soko la mitaji. Faida ikipatikana, sehemu kubwa inabaki ndani kuimarisha mtaji, na nyingine inaweza kwenda kwa mbebaji au kwenye mambo ya jamii. Jezi za timu ya mpira wa mikono ya binti yangu zina S nyekundu kifuani. Hema la wazimamoto wa kujitolea nalo lina S. Ukikaa mji mdogo wa Ujerumani utadhani ile S ni herufi ya kwanza ya kila kitu.

Msomaji mjuzi atanirukia: je, Hamburg? Ni kweli, zipo chache zinazoitwa Sparkasse huru, zisizobebwa na mji wala wilaya, na Hamburger Sparkasse, kubwa kuliko zote, ni mojawapo. Nimekubali. Nazungumzia zilizo nyingi.

Anayeisimamia ni baraza la usimamizi, Verwaltungsrat. Huko anakaa mkuu wa wilaya au meya, ambaye mara nyingi ndiye mwenyekiti, pamoja na watu walioteuliwa na baraza la wilaya au la mji, na katika majimbo mengi wafanyakazi wa benki nao wana wajumbe wao. Kazi za kila siku ziko kwa wakurugenzi, na mwanasiasa haruhusiwi kuingia kesho yake kusema mkopesheni shemeji yangu. Natabasamu nikiandika hivyo, maana kwenye mji wa watu elfu ishirini kila mtu ni shemeji wa mtu. Lakini sheria imesema.

Sheria hiyo haikuanguka kutoka mbinguni. Mwaka 1778 Hamburg ilifungua mfuko wa akiba kwa ajili ya vijakazi, vibarua, mafundi wa mikono na mabaharia. Nikisoma orodha hiyo naona foleni ya basi langu la alfajiri. Mwaka 1801 Göttingen ikapata ya kwanza iliyosimama juu ya dhamana ya mji wenyewe: mfuko ukitetereka, mji unalipa. Prussia, dola kubwa ya Kijerumani ya enzi zile, ikatoa kanuni yake mwaka 1838, na miji na wilaya zikafuata. Mwanzoni ilikuwa kuweka na kutoa tu. Kuhamisha pesa kutoka akaunti hadi akaunti kulikuja baada ya sheria ya hundi ya 1908 kufungua mlango, na aliyelivalia njuga jambo hilo alikuwa Johann Christian Eberle, meya wa Nossen, mji mdogo wa Sachsen. Mwajiri wangu anapobonyeza kitufe mwisho wa mwezi, njia inayopita pesa yangu ilichimbwa na meya wa kijimji ambacho Wajerumani wengi hawawezi kukuonyesha kwenye ramani.

Dhamana ile ya mji ilikuwa na ubaya wake. Kama benki ni idara ya mji, mji unakopa kwenye kabati lake wenyewe. Mdororo wa uchumi ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1920 kodi zikakauka, miji ikashindwa kulipa Sparkasse zake yenyewe. Amri ya dharura ya Oktoba 1931 ndiyo iliyozitenganisha: benki ikawa na nafsi yake kisheria, na mikopo kwa mji ikawekewa mipaka. Ukitaka kujua kwa nini nasema si benki ya serikali wala si idara ya wilaya, tarehe yake ndiyo hiyo. Dhamana yenyewe iliendelea hadi mabenki binafsi yalipolalamika Brussels, kwa Umoja wa Ulaya, kwamba ni upendeleo. Makubaliano yakafikiwa 2001, na tangu Julai 2005 mji hauwajibiki tena kwa madeni mapya ya Sparkasse yake. Sasa zinalindana zenyewe kwa mfuko wa pamoja.

Kuhusu kuuza, mji wa Stralsund, pwani ya Baltiki, ulikuwa na madeni na miaka ya 2003 na 2004 ulitaka kuiuza Sparkasse yake. Jimbo la Mecklenburg-Vorpommern likafunga njia, na haikuuzwa. Ndiyo maana najizuia kusema "inamilikiwa". Inabebwa.

Lakini nisije nikaonekana nimetumwa. Kuna bibi ninayemhudumia, amezaliwa 1934. Humwita Bibi kwa Kiswahili naye anaitikia. Droo yake ya kitanda ina kitabu cha akiba cha jalada la kijivu, kona zimelika, ambacho baba yake alimfungulia 1941. Ndani, kwa wino wa bluu uliogeuka kahawia, kwa Reichsmark, fedha ya Ujerumani ya wakati ule: Reichsmark 5, Reichsmark 5, Reichsmark 3, mwezi baada ya mwezi. Kila mstari una saini ya karani. Watu walihimizwa kuweka akiba kama wajibu wa uzalendo, na fedha zile zikapelekwa kimya kimya kwenye hati za mkopo za serikali ya Wanazi kulipia vita. Mwenye kitabu hakuulizwa. Halafu Juni 1948 ikaja Mark mpya, na kila Reichsmark 100 zilizokuwa kwenye vitabu vya akiba hatimaye zikabaki Mark 6 na senti 50. Kuna mhuri ukurasa huo. Bibi huuweka kidole juu yake na kusema, "Hapa ndipo baiskeli yangu ilipozama." Mama yake naye alikuwa ameshapoteza akiba yote kwenye mfumuko wa 1923, pale Mark bilioni elfu moja za karatasi zilipokuja kubadilishwa kwa Rentenmark moja, fedha mpya ya wakati ule. Vizazi viwili, na wote akiba yao iligeuka karatasi tupu. Na bado yule mtoto wa 1934 hakuhama benki. Nilimuuliza kwa nini. Akanishangaa: "Nihamie wapi? Karani alikuwa anakaa mtaa wetu."

Nami jibu langu halina tofauti kubwa. Nilipofika 2013 nikiwa na kibali cha ukaazi cha mwaka mmoja, benki ya kwanza niliyoingia, ya vioo vitupu na maua ya plastiki, iliniambia nirudi nikipata kibali kirefu. Bila akaunti mwajiri halipi, mwenye nyumba hakupangishi. Sparkasse ya hapa walitazama pasipoti na mkataba wa kazi, wakanifungulia siku ile ile. Haki ya kila mtu kupata akaunti ya msingi katika benki yoyote iliwekwa kwenye sheria 2016. Mimi nilikuja mapema mno.

Kila mwisho wa Oktoba walikuwa na Siku ya Akiba, iliyoanzishwa na mkutano wa mabenki ya akiba Milan mwaka 1924. Binti yangu alibeba nguruwe wake wa kauri wa kuwekea akiba kwa mikono miwili kama anabeba mtoto mchanga. Sarafu zikamwagwa kwenye mashine ya kuhesabia, ikanguruma kama mashine ya kusaga, ikatema risiti: euro 43 na senti 17. Akapewa penseli za rangi na jarida la katuni. Usiku akaniuliza kama sarafu zake zimelala salama.

Tawi lile la mtaani kwetu limefungwa. Barua ilisema wateja wengi sasa wanatumia simu, jambo ambalo ni kweli, na kwamba huduma "itaboreshwa", jambo ambalo si kweli. Mashine ya sarafu imeondoka nalo. Siku baraza la wilaya lilipojadili, nilikaa nyuma na wazee kumi na wawili, mmoja na kigari chake cha kutembelea. Mkuu wa wilaya, ambaye kwa kura zetu ndiye alikalia kiti kile, na ambaye pia ndiye mwenyekiti wa baraza la benki, alisema uamuzi wa matawi ni wa wakurugenzi. Mzee wa kigari akamuuliza, basi wewe unabeba nini? Watu walicheka, naye akacheka, na tawi likafungwa vile vile.

Ndiyo udhaifu ambao makala yenu ingeweza kuutafuta badala ya kukosea makao makuu. Wajibu wa kuhudumia eneo umeandikwa kwenye sheria za majimbo, ila hakuna palipoandikwa hatua ngapi mtu wa miaka tisini atembee kufuata dirisha. Sparkasse zinaungana mwaka hadi mwaka, eneo linakuwa kubwa, karani hakai tena mtaani. Na wakubwa wao walipotaka kucheza na wakubwa wa dunia, waliungua: WestLB, iliyokuwa Landesbank ya upande wa Rhine na Westfalia, ilivunjwa 2012 baada ya hasara kubwa, na waliobeba mzigo ni pamoja na Sparkasse za mkoa ule, ambazo wateja wake hawakuwahi kusikia zile hati za uwekezaji ngumu kueleweka zilizonunuliwa kwa jina lao.

Mkisahihisha, basi, andikeni hivi: mabenki ya akiba ya miji na wilaya za Ujerumani, zaidi ya 300, yasiyo na wanahisa. Yatosha.

Kwetu sasa huja gari, benki ya magurudumu, kila Jumanne saa nne na nusu asubuhi, linaegesha mbele ya kanisa kwa dakika arobaini. Ndani kuna dirisha moja, karani mmoja na ngazi tatu za chuma zinazoteleza mvua ikinyesha. Jumanne hii zamu ni yangu. Bibi ameshaniagiza nimletee koti la bluu, na kitabu kipya, si kile cha kijivu, kiandikwe riba.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
muuguzi wa wazee,
Niedersachsen, Ujerumani