Mwamuzi wa polo apewe farasi mwenye mbio

Ndugu Mhariri,

Nimecheza polo ya kulipwa, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo ukiwa juu ya farasi, miaka mingi, na tangu nistaafu nimekuwa mwamuzi. Nimesoma katika gazeti lako lawama kwamba waamuzi wa mchezo huu hawaoni faulo. Ni kweli, zipo nyingi zinazotupita. Lakini sababu si macho yetu.

Waamuzi wawili huwa uwanjani juu ya farasi, na wa tatu hukaa pembeni kukata shauri tukihitilafiana. Uwanja kamili una urefu wa mita 274 hivi. Mchezaji hubadilisha farasi kila chuka, yaani kila kipindi cha mchezo, cha dakika 7 na ushei. Mwamuzi mara nyingi hupewa farasi aliyebaki, aliyezeeka au aliyekwisha kuchoshwa, na ndiye huyo huyo mpaka mechi iishe.

Faulo mbaya kuliko zote ni kukata mstari wa mpira. Mstari huo ni njia uliyopita mpira, pamoja na kule unakoelekea. Anayeufuata mpira ukiwa mkono wake wa kulia ndiye mwenye njia. Ukimkatiza, avute hatamu ghafla au mgongane. Mstari huo haukuchorwa popote, na kila mpira ukipigwa unahama. Ukiwa karibu nyuma ya mchezo unauona kama uzi uliotandazwa. Ukiachwa mita 100, unaona matako ya farasi na vumbi.

Msimu uliopita nilipewa farasi jike mpole, ambaye kufikia chuka ya tatu hakuwa na pumzi tena. Mbavu zake zilikuwa zikipanda na kushuka chini ya magoti yangu. Nilimgusa kwa visigino, hakuitika. Mbele kabisa, karibu na goli, mchezaji mmoja alikatiza, na farasi wa mpinzani akaanguka kwa magoti. Sikupuliza filimbi kwa sababu sikujua nani kaingia njia ya nani. Mwenzangu naye alikuwa mbali. Tukamwendea wa tatu, tukamkuta anapiga soga. Hakuona kitu. Mchezo ukaendelea bila penalti. Yule farasi alitolewa akichechemea, na saisi, mtunzaji wake, akawa ameinama, kaushika mguu kwa mikono miwili. Chuka iliyofuata wachezaji wakaanza kulipizana wenyewe.

Nami enzi zangu nilikuwa nikiinua gongo kumdai mwamuzi faulo, jambo ambalo lenyewe ni kosa. Sikuwahi kumtazama amepanda nini.

Nawaomba waandaaji wa mechi: kila timu itoe farasi wawili wazima kwa ajili ya waamuzi, na wabadilishwe kila chuka kama wa wachezaji. Wa tatu awe mtu aliyewahi kucheza, na akae peke yake. Farasi hao wasipokuwapo, mpira usirushwe.

Mwamuzi wa polo
(Jina limehifadhiwa)