Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam kuhusu kutembeza mbwa kwenye njia za waenda kwa miguu

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Ninakuandikia kuhusu njia ya waenda kwa miguu inayotoka Barabara ya Barack Obama upande wa Upanga, ikapita juu ya Daraja la Tanzanite na kuteremkia Coco Beach, na hasa kuhusu sisi tunaoipita tukiwa na mbwa. Ombi langu ni moja: iandikwe kanuni ya kutembeza mbwa katika njia hiyo na nyingine zilizosakafiwa mkoani, ibandikwe kwa Kiswahili mahali inapoonekana, na imbane mwenye mbwa kabla ya kumbana mtu mwingine yeyote.

Nimelileta suala hili kwako kwa sababu njia yenyewe haimo mikononi mwa ofisi moja. Mwanzo wake wa Upanga uko katika Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, mwisho wake wa Oysterbay uko Kinondoni, na daraja la kilomita 1.03 lililo katikati ni la Wakala wa Barabara, TANROADS. Mtembeaji huzipita mamlaka hizo zote katika matembezi ya asubuhi moja bila kujua kwamba amevuka mpaka. Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo tangu Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, lakini anayeweza kuziita zote kwenye meza moja ni wewe.

Pasipo na kanuni iliyoandikwa, anayeamua ni yeyote aliyepo. Nimewahi kurudishwa katikati ya njia moja ya jijini na mlinzi aliyesema mbwa hawaruhusiwi, na siku nyingine mlinzi wa pale pale akanisalimia na kunipisha. Nilipoomba kuonyeshwa katazo, hapakuwa na la kuonyeshwa. Simlaumu, maana naye hakupewa kitu cha kusimamia. Ninachosema ni kwamba katazo lililo wazi, hata kama lingenikera, lingekuwa bora kuliko hali hii, kwa kuwa ningejua ni nani wa kumwendea na hoja zangu.

Upande wa pili wa jambo hili ni mzito zaidi, nami ninaomba uupe nafasi ya kwanza. Watu wengi wanaotembea kwenye njia hii wanamwogopa mbwa au hawataki awaguse, na wana sababu. Wapo wazee walioshauriwa na madaktari watembee kila siku kwa ajili ya kisukari au shinikizo la damu, ambao hawana wepesi wa kuruka pembeni. Wapo Waislamu wa madhehebu ya Shafi, ambao ndio wengi katika mwambao wetu, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito inayotaka kiungo au nguo ioshwe mara saba, mojawapo kwa udongo. Anayepita pale akiwa na udhu wake, akiiwahi magharibi, hapaswi kuhangaishwa na pua ya mbwa wangu. Wapo pia waliokulia katika mitaa ambako mbwa ni mlinzi anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku, kwa hiyo mbwa aliye nje ya geti kwao ni dalili ya hatari. Wenye mbwa wenzangu tumezoea kuwajibu watu hawa kwa kusema, "Usiogope, haumi," kana kwamba neno letu linatosha. Halitoshi. Wajibu wetu ni kuvuta kamba ikawa fupi, kusogea upande wa ukingo na kusimama hadi mwenzetu apite, na wajibu huo unapaswa kuwa amri, usiachwe kwenye hiari yetu.

Juu ya hofu hiyo kuna kichaa cha mbwa. Virusi vyake hupita katika mate, na dalili zikishajitokeza kwa binadamu ugonjwa huo ni kifo, isipokuwa kwa wachache mno waliowahi kunusurika. Kinga yake, hata hivyo, inajulikana: jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, aliyeng'atwa apelekwe hospitali kuanza chanjo, na mbwa wachanjwe kwa wingi kabla ya yote hayo, kwani asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakiwa wamechanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Hatuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Kisiwani Pemba, ambako karibu wakazi wote ni Waislamu na wanaofuga mbwa ni wachache, kampeni za chanjo zilikata maambukizi, na ugonjwa ulipoingia tena ukakatwa tena. Kwa hiyo ninapendekeza kwamba mbwa asiye na chanjo ya mwaka husika asikanyage njia hizi kabisa, na kwamba aliyechanjwa avae kwenye ukosi kibati chenye rangi ya mwaka huo, ili mlinzi atambue kwa jicho bila kudai makaratasi.

Kuna jambo ambalo watunga kanuni wanaweza kulisahau. Katika mitaa ya Oysterbay, Masaki na Upanga, anayemtembeza mbwa mara nyingi si mwenye mbwa. Ni kijana wa kazi aliyekabidhiwa wanyama wawili au watatu wenye nguvu kumshinda, pengine bila kufundishwa namna ya kuwazuia. Faini ikitozwa pale pale njiani, itakatwa katika mshahara wake mdogo, ilhali mwajiri wake hajui hata kilichotokea. Ninaomba kanuni iseme wazi kwamba anayewajibika ni mmiliki aliyeandikwa kwenye kadi ya chanjo, na kwamba mtu mmoja asitembeze zaidi ya mbwa wawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu kinyesi, sina utetezi kwa anayekiacha. Kinaweza kubeba mayai ya minyoo inayodhuru watoto, na mvua ikinyesha hushuka moja kwa moja ufukweni, mahali ambapo watoto hao hao wanaogelea. Kila mwenye mbwa aje na mfuko wake, na halmashauri ziweke mapipa yenye vifuniko mwanzoni na mwishoni mwa daraja.

Saa nazo zipangwe. Lami na zege vikipigwa na jua la Dar es Salaam adhuhuri, hasa kati ya Desemba na Machi, hupata joto la kuunguza nyayo za mbwa, naye hana njia kubwa ya kujipoza isipokuwa kuhema. Asiyeweza kuweka mgongo wa kiganja chake chini kwa sekunde chache asimpitishe mnyama wake hapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 tayari inakataza kumtesa mnyama. Alfajiri hadi saa mbili asubuhi panatutosha, na jioni za siku za kazi pia. Jioni za Jumamosi, Jumapili na sikukuu, familia zinapojaa Coco Beach kula mihogo na kupunga upepo, niko tayari mbwa wasiruhusiwe upande huo kabisa, hata kama wenzangu watanuna.

Ninaomba uwaite wakurugenzi wa halmashauri hizo mbili, TANROADS, madaktari wa mifugo, viongozi wa dini na wawakilishi wa watembea kwa miguu, wenye mbwa na wasio nao, ili kanuni iwe tayari kabla ya Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tarehe 28 Septemba. Siku hiyo kiwekwe kituo cha chanjo karibu na daraja, na vibati vya kwanza vigawiwe hapo. Nitakuja na mbwa wangu, na nitajitolea kuwaelekeza wenzangu katika foleni.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Upanga, Dar es Salaam