Barua kwa mwanangu: dakika 14 umezipata wapi?

Mwanangu,

Salaam sana. Hapa nyumbani hatujambo. Presha ya mama yako imeshuka tangu abadilishiwe dawa, na goti langu ni lile lile. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikianza tu kuuliza jambo la kazi unasema "nimekusikia baba," unamwita mtoto aje anisalimie, na mimi mzee mjinga naanza kucheka na mjukuu mpaka muda wako wa mapumziko unakwisha. Barua haina mjukuu. Isome yote.

Jumapili ulisema umebadilisha chemba mbili za breki za nyuma za lori, vile vikopo vya upepo vinavyosukuma breki, kwa dakika 20. Ulilipitisha neno hilo katikati ya mengine, baada ya habari za mshahara na kabla ya kuuliza bei ya mchele. Mama yako akashangilia. Mimi nikanyamaza, ukauliza kama mtandao umekatika. Haukukatika. Nilikuwa napiga hesabu.

Kabari kwenye matairi. Upepo ujae, breki ya kuegesha iachiwe. Kuchomoa ile boliti ya kubania springi ya ndani kwenye kijumba chake ubavuni mwa chemba, kutoa kile kifuniko cha mpira cha nyuma, kuingiza boliti tunduni, kuizungusha robo mpaka uisikie imeshika. Kisha nati, kwa spana ya mkono, si kwa bunduki ya upepo, mpaka springi irudi nyuma yote. Hapo ndipo unatoa upepo, unafungua mipira yake, unachomoa pini ya kwenye slaki, ule mkono unaozungusha breki, unafungua nati mbili za mgongoni, unashusha chemba. Mpya inakuja na fimbo ndefu, kwa hiyo unapima, unakata, unapachika, unarudisha kila kitu, unajaza upepo, unapaka sabuni kuangalia uvujaji. Unafungua boliti na kuirudisha kwenye kijumba chake. Halafu upande wa pili, hivyo hivyo.

Jumatatu nilikwenda kwa kijana wa jirani pale Buguruni, mwenye gereji chini ya mwarobaini, nikamwomba anipe chemba moja niibadilishe. Alicheka, lakini akanipa. Nilitumia dakika 34. Haya, mimi nina miaka 68 na goti bovu, nikakata nusu: 17. Kwa chemba mbili inarudi 34. Wewe umetumia 20. Hizo dakika 14 umezipata wapi, mwanangu?

Usiniambie huko kuna vifaa. Najua vipo. Lakini mwenye kiwanda cha chemba mwenyewe anaagiza nati ile ifungwe kwa mkono, huko kama huku. Na ulinitumia picha ya lori lililotoka kwenye theluji ya Ohio, chini kote limeliwa na ile chumvi wanayoimwaga barabarani. Boliti ikishikwa na kutu kwenye kijumba chake na fundi ana haraka, anafanya nini? Mimi najua anafanya nini.

Na haraka hiyo naijua ilikotoka. Umesema tangu mwezi uliopita wakala wenu wa malori amewatoa kwenye mshahara wa saa, sasa mnalipwa kwa saa za kitabu, zile zilizopangiwa kila kazi. Kitabu kikisema kazi ni saa 3, ukimaliza kwa 2 unalipwa 3, ukihangaika nayo 6 unalipwa 3 zile zile. Na kazi za dhamana, ambazo mlipaji ni kiwanda, kitabu chake kina saa chache kuliko cha mteja anayelipa mwenyewe, kwa lori lile lile na nati zile zile. Kijana wa ofisini anayepokea funguo anaahidi mteja saa kumi jioni, hajui hata injini iko upande gani. Hayo yote nakuamini, na nilikaa miaka 31 kwenye karakana ya wakala hapa Dar, kwa hiyo usidhani unamsimulia mgeni. Sisi tulikuwa na mshahara wa mwezi, lakini mwaka mmoja wazungu walileta bonasi ya saa. Nitalifikia hilo.

Lile lori jeupe nimelisimulia msikitini, kwa kinyozi, na kwa kijana wa Buguruni mara mbili. Mama yako amenikataza mara ya tatu. Lori limejipunguza nguvu lenyewe mpaka linatambaa kilomita 8 kwa saa kwa sababu kompyuta inadhani mfumo wa urea, ile dawa ya kusafisha moshi, umekufa. Wenzako wameshabadilisha sensa mbili za moshi na pampu, vitu vya bei ya kiwanja. Halafu binti yangu anaweka kompyuta pembeni, anaufuata waya kwa vidole kuanzia bomba la moshi mpaka chini ya kabini, na pale kwenye klipu anakuta umesuguliwa hadi shaba inaonekana. Kutafuta saa 5, kutengeneza nusu saa. Kitabu kikakulipa saa 1. Ulilia, mumeo aliniambia, usimlaumu. Mimi nililia pia, ila si kwa sababu ya hiyo saa moja.

Umeniambia tena kwamba kiwanda hakilipi dhamana mpaka fundi aandike vizuri: lalamiko la dereva, chanzo, na marekebisho. Na kwamba karatasi zako hazirudishwi. Wewe! Ambaye mwalimu wa darasa la sita aliniita shuleni kwa sababu insha nzima ulimalizia mistari minne. Basi ulikuwa unaandika kama fundi tangu zamani na hatukujua. Na tukiwa hapo hapo, sijapenda ulivyomsahihisha mjomba wako kwamba wewe ni teknisheni, si fundi. Mjomba wako alikuwa anakusifu.

Kuhusu ile likizo uliponikuta nimeinama kwenye lori la Ulaya, namsaidia kijana kuziba mfumo wa urea, ukanisema. Huko sheria ya hewa inakataza, na hapa mwenye lori anataka lifike Tunduma, basi, na urea ya kununua njiani hana uhakika nayo. Ulikuwa na haki kuhusu moshi. Mbele ya watu hukuwa na haki.

Nirudi kwenye chemba. Unaifahamu springi iliyomo mle ndani kuliko ninavyoweza kuieleza, ulifaulu mitihani. Imebanwa kwa nguvu ya karibu tani nzima, na imekaa mle inasubiri upepo uishe. Upepo ukiisha inasukuma breki, lori linasimama, ndiyo kazi yake njema. Lakini boliti isipoishika, chemba ikifunguliwa inamrukia fundi. Mimi sina wasiwasi na unachokijua. Nina wasiwasi na unachokifanya saa tisa alasiri, kitabu kimebakiza robo saa, na yule wa ofisini amekuja mara ya tatu kuuliza.

Unamfahamu Baba Mdogo wa Mbagala. Si ndugu wa damu, hilo mnalijua, na jicho mnalijua. Mliambiwa ni ajali ya kazini na ni kweli. Mwanzoni mwa 1998 mvua za El Niño zilikuwa zimekata barabara, malori yamerundikana kwetu yakisubiri, na ndio mwezi ile bonasi ilianza: zamu itakayokishinda kitabu inaongezewa. Siku hizo chemba tulikuwa hatuitupi, tunaifungua na kubadilisha mpira wa ndani. Yeye alikuwa mwanafunzi, mwaka wa pili. Aliomba boliti. Ilikuwa kwenye lori la pili, hatua ishirini kutoka pale aliposimama. Mkuu wa zamu akamwambia usisubiri, fungua klampu, muda unakwenda. Ripoti iliandikwa kwamba mwanafunzi alikiuka taratibu za usalama, na mkuu wa zamu akatia saini. Cheti cha zamu bora ya Januari ile kipo sebuleni, juu ya televisheni. Umekipangusa vumbi miaka yote.

Kwa hiyo mwisho wa mwezi ukiona kwenye simu yangu nimetuma pesa Mbagala, usiseme tena kwamba baba anaigawa pensheni.

Hatua ishirini, kwenda na kurudi, ni dakika moja kwa mtu asiyekimbia.

Nakuomba kitu kimoja. Ukishika chemba tena, kabla hujafungua hata nati moja ya mgongoni, piga picha boliti ikiwa imeingia na nati yake imefika mwisho, unitumie. Usiandike neno. Picha tu. Mnapiga picha kila kitu kwa ajili ya dhamana, moja ya baba haitawafilisi. Na chemba ambayo chumvi imeitoboa au imeilegeza mgongoni, usiibembeleze. Uliza namna ya kuishusha salama, hata kama kuuliza hakumo kitabuni. Nitajua kwa picha. Macho yangu bado mazuri, yote mawili.

Mengine ya kazi ni madogo. Vaa vya masikio hata kama wenzako hawavai. Mimi mama yako ananiita mara tatu kabla sijageuka, na anadhani namdharau. Bomba la mafuta la injini za sasa lina shinikizo la zaidi ya bar 2,000, likivuja usipeleke mkono kupapasa, tumia kipande cha boksi. Hilo unalijua, nimelitaja ili nilale.

Sanduku la spana sikubaliani nalo. Sisi spana zilikuwa za kampuni: unampa mtunza stoo kibati chako cha shaba chenye namba, anakitundika msumarini mahali pa spana, jioni unarudisha spana unachukua kibati. Ukipoteza unakatwa, lakini huingii nalo deni. Wewe kila wiki linakuja gari la muuza spana mpaka mlangoni mwa karakana, anakupa kwa mkopo na tabasamu, na sasa una sanduku la bei ya Noah iliyotumika. La nini droo kumi na nne? Mtu analipwa saa 1 kwa kazi ya saa 5, halafu vifaa vya kufanyia kazi hiyo anunue yeye. Wewe unaona sawa? Kama ulishasaini, lipa, umalize, usiongeze hata bisibisi. Kama hujasaini, usisaini. Ile seti yangu ya spana, kuanzia 8 mpaka 32, bado imefungwa kwenye turubai chini ya kitanda, haina kutu. Najua malori ya huko mengine ni ya inchi. Nimesema tu ipo.

Umeuliza kama uache, urudi kwenye karakana ya kampuni ya usafirishaji, mshahara wa saa, mdogo kuliko huu. Mama yako anasema rudi. Mimi sijui. Pale kwa wakala ndiko magari magumu yanakoletwa, yaliyowashinda wengine, na wewe unayapenda hayo. Ukienda kwenye matairi na oili tu utanenepa na utanuna. Lakini wakala wa namna hiyo atakutafuna miaka kumi halafu aajiri mwingine, nimewaona wangapi. Fikirini na mumeo. Usiamue Ijumaa jioni ukiwa umechoka.

Ya nyumbani: kaka yako ameuza bodaboda bila kuniambia, anasema atanunua bajaji. Usimtumie pesa ya bajaji kabla hujaongea na mimi. Muheza machungwa ni mengi lakini bei mbaya, mnunuzi anakuja na lori lake anataka kupanga bei kama yeye ndiye aliyepanda. Shangazi yako amemaliza eda, mpigie, usitume ujumbe wa sauti, mpigie. Mwembe wa nyuma umeanza kuinamia ukuta wa jirani na jirani ameanza kukohoa kila akinipita, kwa hiyo nitaukata tawi la huko.

Bati za jikoni ndizo zinavuja sasa, tumeweka beseni mbili. Fundi paa amekuja, akatazama akiwa chini hata ngazi hakupanda, akasema bati 40. Nimepanda mimi mwenyewe, mama yako ameshika ngazi huku akinitukana, nikahesabu 26. Pesa uliyotuma inatosha 26 na misumari. Anarudi Jumatatu, na safari hii atapanda.

Msalimie mumeo, mbusu mtoto. Picha nasubiri.

Ni mimi baba yako,
Temeke