Kanda za marehemu baba yako, na kwa nini nakutumia kadi

Kikwajuni, Unguja
Jumapili, baada ya alasiri

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo sote, mvua tu ndiyo imetushika, na ile njia ya nyuma ya nyumba unaijua inavyokuwa masika. Mama ameuliza tena habari ya halua ya Maskati. Mimi nimenyamaza, lakini ujumbe nimeufikisha.

Najua umeninunia. Wiki ya tatu hii unaniandikia “nitupie basi hizo nyimbo kwa WhatsApp”, nami nakujibu subiri, subiri, kama fundi cherehani mbele ya Idi. Sasa kazi imekwisha. Alhamisi binamu yako anasafiri, na ndani ya mkoba wake mna bahasha yenye kadi ndogo ya kumbukumbu, ile ya kuhifadhia mafaili. Usimwache aitie mfukoni. Ndani yake mna kanda 22 za taarab za marehemu baba yako.

Kilichonifanya nikatae kuzibana nyimbo ili zipite WhatsApp ni ile kanda ya harusi ya dada yako. Mwaka 2009 tuliipeleka dukani, wewe na mimi, tukasubiri tukila embe za pilipili pale nje. Mwenye duka akaturudishia sidii ya mp3, na kanda yenyewe ikaliwa na mashine yake. Akatupa utepe umesokotana kama tambi, akasema pole. Tukaondoka tunacheka, maana si nyimbo tunazo? Juzi nimeisikiliza ile mp3 kwa makini. Imebanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, yaani sauti iliyobakizwa kila sekunde ni kidogo mno. Kanuni, ile ala ya nyuzi, inasikika kama inapigwa ndani ya ndoo ya maji, na vigelegele vya bibi yako, vile vilivyokuwa vinasikika mpaka Kisiwandui, vinatoka kama sambusa zinazotiwa kwenye mafuta. Wala si kosa la kanda. Sauti kali za juu, nyingi kwa pamoja, ndizo mp3 iliyobanwa sana inazozivuruga kwanza, na harusi ya kwetu ni sauti za juu tangu magharibi mpaka alfajiri.

Nikakueleze kwa kanga. Faili la FLAC, lile linalopunguza ukubwa wa sauti bila kupoteza kitu, ni kanga uliyoikunja ukaitia sandukuni: imepungua ukubwa, lakini ukiikunjua pindo lipo, mji upo, jina lipo, hata doa la hina lipo palepale. Mp3 imeshika mkasi. Inakata kile inachodhani jicho halitakiona, na inadhani vizuri sana, sisemi uongo, ila kilichokatwa hakirudi. Mpwa wangu akaniambia, “Khalti, si uigeuze tu ile mp3 iwe FLAC?” Nikamwambia hiyo ni kuikunja vizuri kanga isiyo na pindo. Faili litakuwa kubwa, jina lake litapendeza, na bibi yako ataendelea kuwa sambusa. Ndiyo maana ukiona mtu anagawa FLAC mtandaoni usimwamini kwa jina la faili peke yake. Wengi wamekunja kanga zilizokwisha kukatwa.

Kwa hiyo hizi 22 nimezifanya mwenyewe. Nilipata redio kaseti nzima kwa jirani, nikaisafisha kichwa kwa spiriti na pamba (pamba ilitoka nyeusi kama masizi), nikachomeka waya kwenye kompyuta. Kabla ya kila kanda niliizungusha kwa kalamu ya risasi mpaka mwisho na kurudi, maana utepe uliokaa miaka thelathini kwenye hewa ya bahari hugandana. Halafu unakaa. Kanda ya saa moja inachukua saa moja, hakuna njia ya mkato. Nimekuna nazi, nimechambua mchele, nimefuma makawa mawili, baba yako anaimba pembeni.

Ukubwa sasa, ndio ulionilalamikia. Nimerekodi kwa kipimo kilekile cha sidii: sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, sikio la kulia na la kushoto, na hiyo ni MB 10 na ushei kwa dakika moja. Ile mp3 ya dukani ilitumia nusu MB. FLAC inazikunja zile 10. Sidii yako ya kundi la taarab la Culture Musical Club uliyoniachia ilipungua ikabaki kidogo zaidi ya nusu, lakini kanda za baba zimekaidi. Nilidhani nimekosea, kumbe ni ule mvumo wa kanda, ule “shhh” wa nyuma ya kila kitu. FLAC inapunguza kwa kutafuta mpangilio, sauti inayoweza kukisiwa kutokana na iliyotangulia. Mvumo hauna mpangilio, kila chembe ni mgeni, basi lazima uhifadhiwe wote kama ulivyo. Kanda moja ya saa moja imekula kama MB 390, na sehemu kubwa ya hizo ni “shhh”. Mpwa alitaka tuusafishe. Nimekataa. Ukiusafisha sana na pumzi za waimbaji zinakwenda nao. Wewe ukitaka, tengeneza nakala yako uisafishe, ila hii ya asili iache na mvumo wake.

Sasa nikwambie la kweli, usije ukadhani nimekuwa mmoja wa wale watu wa masikio ya dhahabu. Mpwa alinifunga kitambaa, akanipigia wimbo mmoja wa ile sidii mara kumi, mara FLAC, mara mp3 ya kilobiti 320, niseme ipi ni ipi. Nilipata tano. Hata paka angepata tano. Alipoteremsha hadi 64, sikukosa hata moja. Basi ukiwa ndani ya gari na AC inavuma, mp3 nzuri inakutosha kabisa na simu haitajaa. FLAC nimekufanyia iwe ndiyo mama. Kutoka kwake utazaa mp3 za kila namna, leo na miaka ishirini ijayo, na hakuna atakayekata juu ya palipokwisha kukatwa.

Halafu ile kadi. Ya kwanza niliyonunua imeandikwa GB 64, bei ya kirafiki, na ningejua hapohapo. Nikajaza, nikaweka kwenye simu, nyimbo za mwanzo safi. Kufika kanda ya tisa, kimya. Faili lipo, jina lipo, dakika zinakwenda, sauti hakuna. Kadi ilikuwa imefundishwa kusema uongo: ukiijaza inapokea tu, kumbe ndani haina nafasi hiyo. Hii ya pili ni GB 32, na kabla ya kuitumia nilitia programu inayoijaza tele kisha kusoma kila kilichoandikwa. Ilichukua usiku mzima. Na FLAC yenyewe ina jambo zuri hapa: kila faili limebeba ndani yake alama ya hesabu ya sauti ya asili, kwa hiyo kompyuta inaweza kulikunjua na kusema kama kuna hata chembe moja iliyobadilika. Nimezipitisha zote 22 baada ya kuziweka kwenye kadi. Nzima.

Simu yako. Ingekuwa Android yenye pa kutia kadi ningekwambia tia kadi ubonyeze, maana hizo zinapiga FLAC zenyewe tangu 2011. Lakini mwanao amekununulia iPhone, na iPhone haina pa kutia kadi. Mwambie aitie kwenye kompyuta yake, wewe kwenye simu shusha VLC, ni ya bure. Ndani ya VLC mna sehemu ya kushiriki kwa waifai. Ukiiwasha inakupa anwani, mwanao anaiandika kwenye kompyuta, anavuta mafaili, yanaingia. Wala hutatumia bando. Ile programu ya muziki ya Apple haipokei FLAC, inataka ya kwao, ALAC, basi nimekuwekea na folda hiyo pia. Sauti ni ileile, mkunjo tu ndio tofauti. Ila angalia: mafaili ya ALAC yanaishia na m4a, na yale ya kubanwa ya Apple nayo yanaishia na m4a. Mwanao asije akafuta makubwa akidhani ni marudio.

Na hizo hedifoni nyeupe zisizo na waya unazojivunia kwenye picha: zinaibana sauti upya kabla haijafika sikioni. Sidii ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, na njia ya blututhi inayotumiwa na iPhone hubeba sehemu ndogo tu ya hiyo. Si mbaya, nimesikiliza. Lakini siku ya kwanza, tafadhali, nunua ule waya mfupi wa kugeuza tundu la chaji, chomeka hedifoni za kawaida, funga mlango.

Anza na kanda ya 14, upande wa pili. Ni mazoezi, si harusi. Kuna mtu anakohoa, kuna kikombe kinawekwa chini, baba yako anasema “tena, toka mwanzo”, na violini zinaingia. Kwenye dakika ya 31 mtoto wa kike anauliza kama maji ya kuoga yamechemka, na baba yako anamjibu bila kuacha kupiga. Mimi nasema ni wewe. Mama anasema ni dada yako. Sikiliza utuamulie.

Kanda ya saba sijaigusa, haimo katika hizo 22. Utepe umekatika karibu na mwanzo, na mkono wangu unatetemeka nikifikiria gundi. Kuna fundi mzee nimeelekezwa, nitamwendea wiki ijayo, nami nitakaa palepale mbele yake mpaka amalize.

Wasalimie watoto, na mzee wa nyumbani mpe mkono wa heshima.

Shoga yako wa Kikwajuni