Barua kwa mwanangu kabla hajaenda Indianapolis

Mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Tanga hatujambo, ukiacha goti langu na habari za fundi wa bati ambazo nitazifikia.

Picha ya ile pakiti ya senti za Kimarekani unayotaka kununua nimeiona. Dada yako aliikuza kwenye simu yake mpaka ikawa ukungu, akaipunguza, tukaitazama upya barazani. Nimeona karatasi ya benki iliyozifunga, imepauka, sura ya Lincoln, rais wao wa zamani, upande mmoja na masuke ya ngano upande wa pili. Mwaka 1931, na herufi S chini yake. Bei sijaiona. Umeandika "si mbaya, mama", na mimi nimekaa dirishani benki muda wa kutosha kujua mtu asiyetaja kiasi anaficha nini.

Jumamosi usimpe huyo muuzaji wa Indianapolis hela kabla hajafungua pakiti. Nalisema mapema kwa sababu najua barua zangu unazisoma mwanzo tu.

Pakiti moja ya senti ina sarafu 50. Sarafu 50 zina nyuso 100, na wewe umeziona mbili. Senti za 1931 za San Francisco, hizo zenye S, zilichapwa 866,000 tu. Wewe ndiwe uliyenieleza, tena kwa sauti ya mwalimu. Sasa nami nieleze: mtu mwenye 50 za namna hiyo, mpya, hazijapita mkononi mwa mtu, kwa nini akuuzie wewe kwenye maegesho ya magari asizipeleke mnadani? Na kwa nini anazo pakiti tatu, na zote tatu zimetokeza mwaka mzuri nje? Sisemi ni tapeli. Nasema tapeli naye angefanya hivyo hivyo.

Anasema ukiifungua inashuka thamani. Haya, basi anachouza ni karatasi. Karatasi kuukuu hupatikana, na mashine ya kukunja ncha zake inauzwa. Mimi nimefunga na kufungua hela za watu mpaka vidole vikaota sugu, na sijaona muhuri wa karatasi unaomzuia mtu mwenye nafasi usiku.

Kama ni lazima uende, beba mizani. Senti za shaba walizochapa kabla ya 1982 huwa na gramu 3.11, hizi za zinki za siku hizi ni 2.5. Pakiti nzima ya shaba itasoma gramu 155 na nusu, ongeza kidogo ya karatasi. Ikisoma 125 au 130, mpe mkono wa kwaheri, washa gari. Ila ikisoma sawasawa usifurahi, maana shaba ya 1975 na shaba ya 1931 mizani haizitofautishi. Mizani inakuambia kama umeibiwa sana. Haikuambii kama umeibiwa kidogo.

Halafu lile shavu la Lincoln. Pakiti iliyofungwa benki sarafu zikiwa zimetoka kiwandani, zile mbili za mwisho ndizo zinazopigwa na hewa na karatasi, kwa hiyo huwa na weusi au rangi rangi kuliko wenzao wa katikati. Hilo la kawaida. Lakini sarafu iliyolala pakitini tangu 1931 hailiki shavu. Huyo Lincoln wa kwenye picha shavu lake limelala na taya limepotea, na kwenye masuke mistari haihesabiki. Hiyo imezunguka sokoni, imenunua mikate ya watu. Kama ya nje imechakaa, za ndani zilibakije mpya? Dada yako anasema ni kivuli cha simu. Labda. Ukiishika, iinamishe chini ya taa uone kama mng'ao unazunguka, kama wa sarafu mpya, au unakaa mahali pamoja.

Najua unajua haya. Niliwaambia wenzangu wa kikoba kwamba mwanangu haangalii mwaka kwanza kama watu wengine, anaangalia mng'ao, na anajua mkwaruzo wa sarafu kugongana ndani ya mifuko ya kiwandani na mkwaruzo wa kutumika. Wakacheka, wakaleta shilingi ya 1966 yenye Mwenge wakanipima mimi. Nikawajibu yote. Sasa mtu mwenye macho hayo anakwendaje kununua kitu asichokiona? Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata hela.

Tangu serikali ya Marekani ichape senti za mwisho za matumizi, Novemba 2025, kila mwenye kopo la senti anajiona ana mgodi. Zimo mabilioni mitaani, haziishi kesho. Ulikuwa unapata raha yako pale benki, na kule hakuna anayekuibia: pakiti ya nusu dola ni sarafu 20, dola 10, unapekua, za 1965 mpaka 1970 zina asilimia 40 ya madini ya fedha, za 1964 asilimia 90, na usipoambulia kitu unazirudisha kwa hela ile ile. Au zile za senti tano za wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zenye herufi kubwa juu ya paa la nyumba ya rais Jefferson, nazo zina fedha. Umechoka kupekua, hilo ndilo tatizo. Tangu utotoni ukichoka unanunua.

Usioshe kitu. Hata ukikuta kijani, usisugue. Shilingi za babu yako zenye simba, za enzi za Mwingereza, bado zimo kabatini, zile za kabla ya 1946 ambazo robo yake ni fedha. Zinang'aa kupita kiasi, kama unavyokumbuka. Ni ndimu na majivu. Nyumba hii alikuwamo mtu mmoja tu aliyesugua kila kitu kabla ya Idi, tusimtaje. Zile za senti kumi za 1936 zenye tundu na jina la Edward wa Nane, mfalme wa Uingereza, hazikuguswa. Dada yako amesikia kwamba mfalme huyo alikaa chini ya mwaka mmoja, anadhani tutanunua gari. Mwambie wewe kwamba zilichapwa nyingi, mimi hanisikii.

Bati la jikoni limeoza upande wa mwembe. Fundi anataka bati 12, mbao na misumari, na anataka nusu mbele. Mdogo wako ana mtihani wa kidato cha nne na anasoma sebuleni kwa sababu kwake kunavuja. Mchango wa harusi ya binti ya baba yako mdogo nimeutoa kwa jina lako, usiulize kiasi, si mbaya. Bili ya maji imekuja mara mbili kwa mwezi mmoja, kesho naenda kugombana nao.

Kutoka kwako Columbus mpaka Indianapolis ni saa tatu barabarani. Usiende usiku, usiende peke yako, na hela nyingine iache benki. Akikataa kufungua, umepoteza mafuta ya gari tu.

Fundi anakuja Jumatatu asubuhi. Kama Jumamosi hukununua, nitumie ya bati siku ile ile kabla hujaipangia kingine. Kama ulinunua, niandikie bei kamili, kwa tarakimu, nimwambie fundi asubiri.

Mama yako

Usimtumie dada yako. Ana deni la vitenge.