Risala ya kikundi chetu cha kina mama washonaji wa mikoba na aproni, Morogoro, kwa mgeni rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, shikamoo na karibu sana. Mheshimiwa mtendaji wa kata, mwenyekiti wa mtaa, afisa maendeleo ya jamii, viongozi wetu wa dini, majirani na wanakikundi wenzangu, tunawasalimu wote na tunamshukuru Mungu, maana kwa mvua ile ya jana tulijua hapa hakuna shughuli.

Mheshimiwa mgeni rasmi, tunakushukuru kwa kuja wewe mwenyewe. Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu mara mbili zilizopita tuliletewa mwakilishi, na wawakilishi wale walikuwa watu wazuri, walitusikiliza na kuandika kila kitu kwenye daftari, ila daftari likishaondoka na gari hatujawahi kuliona tena.

Kikundi chetu kilianza 2016 tukiwa wanawake saba na vyerehani viwili vya miguu, kimoja kibovu. Tulianzia kwenye vipande vya vitenge tulivyokuwa tunapewa na mafundi sokoni, tunaunga tunapata pochi. Siyo jambo geni hili, hata kanga tunayojifunga leo inasemwa ilianza kwa bibi zetu wa pwani kuchukua leso sita, tatu juu tatu chini, wakaziunga kwa sindano ikawa nguo moja, kwahiyo sisi tupo kwenye njia ya wakubwa zetu. Sa hizi tuko 23, tuna vyerehani vinane na ovaloki moja, ile mashine ya kufunga kingo za kitambaa.

Mafanikio ni makubwa, mheshimiwa. Tumesomesha watoto, wanachama wawili wamepata mafunzo SIDO, shirika la viwanda vidogo, wakarudi kutufundisha wengine, mabinti 14 wamepita mikononi mwetu na wanajua kutia zipu na bitana bila kusimamiwa, na bidhaa zetu zimeingia soko la kimataifa, kwani kuna mgeni wa Denmark alinunua mikoba 11 kwa mkupuo na aproni zetu zimefika mpaka Oman kupitia ndugu wa mwanachama. Mkopo wa halmashauri tuliwahi kuupata tukaurudisha wote, halafu tulipoomba wa pili mwaka 2023 ndo mikopo hiyo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri ikasimamishwa nchi nzima, na ilivyorudi tumejaza fomu upya, tunaendelea kusubiri.

Sasa mheshimiwa mgeni rasmi tuje kwenye jambo lililotufanya tukuite.

Kwa miaka mingi kilichokuwa kinalipa ada ni mabegi ya shule na aproni zenye nembo za Simba na Yanga na vile vikatuni watoto wanavyovipenda. Kitambaa tunanunua kwa pesa yetu, kingine ni mashuka ya mtumba, tunakata, tunaweka stifu na bitana, tunauza. Haikuwahi kutujia akilini kwamba kuna mtu tunamchukulia chake. Mwaka 2022 tukaenda kwenye maonyesho, ndo tumepanga meza, afisa mmoja akapita akashika begi akaligeuza akauliza kibali cha hii nembo kiko wapi. Mabegi 64 yakatolewa mezani asubuhi ileile hatujauza hata moja, na nauli ya kwenda tulikuwa tumekopa.

Hatukwenda kugombana na mtu, tulikwenda kuuliza, na tulichojifunza tunataka kila fundi aliyekaa hapa akisikie. Nembo ya timu ni alama ya biashara, inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na ina sheria yake ya mwaka 1986. Kikatuni ni mchoro uliobuniwa na mtu, unalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 na ofisi yake ni COSOTA, watu wengi tulidhani COSOTA ni ya wanamuziki tu. Bidhaa bandia zina watu wake pia, Tume ya Ushindani. Risiti ya kitambaa inaonyesha umenunua kitambaa, haikupi ruhusa ya kutumia nembo ya mwenzio kwenye biashara yako, ruhusa hiyo ni leseni, unaomba, mnaandikishana, unalipa. Tukaja kugundua kwamba hata vile vitambaa vya vikatuni vingine kwenye ukingo vimeandikwa kwa herufi ndogo za kiingereza kuwa ni vya matumizi ya nyumbani sio ya biashara. Miaka yote ule ukingo ndo tulikuwa tunaukata wa kwanza tunatupa.

Leseni tuliulizia sehemu moja, malipo ya kuanzia tu yanazidi mauzo yetu ya mwaka mzima. Tukakaa kikao mpaka saa mbili usiku, wengine wanalia, tukakubaliana kuacha. Mheshimiwa, tuliacha kweli, na wenzetu wasiojali wanaendelea kuuza barabarani hadi leo na wateja wetu wamehamia kwao.

Wakubwa walituambia tengenezeni kitambaa chenu wenyewe, tukatii. Tukaingia kwenye batiki, kitambaa kinachogongwa michoro kwa mshumaa ulioyeyushwa kisha kinatiwa rangi. Tunanunua marikani nyeupe, tunachonga mihuri yetu kwa sponji ya godoro, tuna muhuri wa milima ya Uluguru, wa mkungu wa ndizi, na wa cherehani, huo wa cherehani ndo watu wanaugombania. Hapo hakuna wa kutuuliza kibali kwa sababu mchoro umetoka kichwani mwa mama aliyekaa mstari wa mbele pale, na mkoba mmoja wa batiki tunauza bei ya mabegi mawili ya zamani.

Tatizo ni pa kufanyia. Batiki haifanyiki sebuleni. Unayeyusha mshumaa kwenye jiko la mkaa ukizidi moto unawaka, unachanganya rangi na kostiki soda na haidrosi, dawa ya kuyeyushia rangi, harufu inakaba koo na kostiki ikikugusa inaunguza, kitambaa unakitoa kwenye beseni kina rangi nyingine hewa ikikipiga ndo kinakuja rangi yake, kwahiyo lazima pa kuanika pawepo na mvua isifike, halafu unakichemsha tena kutoa mshumaa, unasuuza maji mengi sana. Sisi yote haya tunafanyia uani kwa mwanachama mmoja, nyumba ya kupanga, watoto wanapita katikati ya mabeseni, maji ya rangi yanakwenda barabarani. Majirani wamelalamika na wana haki, tunawaomba radhi hapa mbele yako. Mwenye nyumba ametupa mpaka mwisho wa mwezi ujao. Masika iliyopita tulipoteza vitambaa mita 70 kwa mvua moja, na oda ya hoteli ikaenda kwa wengine.

Mheshimiwa mgeni rasmi, banda la kufanyia batiki tunalokuomba leo si ombi jipya. Mwakilishi wa mgeni rasmi aliyekuja miaka miwili iliyopita alisimama hapohapo uliposimama wewe akatuahidi mabati 40 na tanki la maji la lita 5,000. Tulipiga makofi, tulipiga vigelegele, tulimvisha kitenge, picha ipo pale ukutani. Tumefuatilia kwa barua nne, nakala zote ziko kwenye faili mezani kwako. Hatumsemi vibaya, majukumu ya viongozi ni mengi tunajua, ila na sisi tuliwaambia watoto kuwa banda linakuja na mpaka leo wanatuuliza.

Kwahiyo mwaka huu hatuombi vyerehani, wala basi la kwenda Sabasaba, hata fulana hatuombi. Tunaomba banda tu. Nguzo tunazo, mawe na mchanga tumeshachanga wenyewe, fundi ni mume wa mwenzetu atajenga kwa chakula. Kilichobaki ni mabati 40 yaleyale, tanki lilelile, na shimo la maji machafu lenye karo ili maji ya rangi yasirudi kwa majirani. Kama vyote ni vizito tunaomba uanze na mabati. Na kama haiwezekani kabisa tunaomba utuambie leo, hatutakasirika, tutajua tuuze ovaloki tununue sisi.

Kiwanja tumepewa na serikali ya mtaa kwa barua, kipo nyuma ya ukumbi huu, tumefyeka jana kabla ya mvua na vigingi vimeshasimama. Mkoba wa muhuri wa cherehani tuliokuandalia tutakukabidhi hukohuko kiwanjani, tunakuomba kabla hujapanda gari uje ukanyage uone ukubwa wake, na uwatajie majirani hawa ni mwezi gani mabati yatafika.

Ahsante sana kwa kutusikiliza.

Risala imeandaliwa na kamati na kusomwa na katibu wa kikundi.